Barabara ni ya Nani? Kamera za Mabasi ya New York na Funzo Lake kwa Miji Yetu

Katika miji mingi ya dunia leo liko suala moja ambalo kwa mtazamo wa juu juu huonekana dogo, lakini kwa kweli linagusa haki ya mamilioni ya watu wa kazi. Suala lenyewe ni hili: serikali ya mji ikishatenga sehemu ya barabara kwa ajili ya mabasi ya abiria, ni nani atakayeilinda sehemu hiyo isigeuzwe kuwa maegesho ya bure ya wenye motokaa? Rangi iliyopakwa barabarani haimzuii mtu. Kibao kilichosimikwa kando ya njia hakimzuii mtu. Askari humzuia, lakini kwa muda ule tu anaokuwapo. Ndiyo sababu miji kadhaa imeamua kuikabidhi kamera kazi hiyo, na mji wa New York nchini Marekani umekwenda mbele zaidi kwa kuzifunga kamera hizo ndani ya mabasi yenyewe.

Tumeona inafaa kulichambua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, miji ya Afrika Mashariki inazidi kufurika watu na magari, na njia za mabasi zimekwisha kuanza kujengwa au kupangwa humu humu mwetu. Pili, kamera za barabarani nazo zimekwisha kutufikia, na zimeleta mabishano makali. Mwenye busara hujifunza kwa yaliyompata mwenziwe. Basi na tutazame yaliyowapata wenzetu, mazuri na mabaya pamoja, kabla hatujaiga wala kukataa.

FIKRA YA ZAMANI

Fikra ya kuyapa mabasi njia yao si mpya.  Jiji la London lilianza mwaka 1968, na tangu hapo njia za mabasi zimeenea katika miji ya mabara yote. Msingi wake ni hesabu ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Barabara ya mjini ni mali ya umma, na upana wake hauongezeki kwa urahisi, kwa maana pande zote mbili kuna majumba. Basi moja refu huchukua abiria sitini au zaidi mahali ambapo motokaa tatu au nne zingekaa na kuchukua watu watano au sita kwa jumla. Ikiwa barabara ni ya watu, wala si ya vyombo vya chuma, basi haki ni kuligawa eneo hilo kwa kufuata hesabu ya watu.

Lakini njia ya mabasi ina udhaifu mmoja mkubwa. Njia ya reli hulindwa na reli yenyewe. Hakuna mwenye motokaa atakayethubutu kuiacha juu ya reli akaenda kununua sigara. Njia ya mabasi iliyochorwa kwa rangi kando ya barabara haina ulinzi wa namna hiyo. Tena iko mahali pale pale ambapo kila mtu hupatamani, yaani ukingoni, mbele ya duka, mbele ya benki, mbele ya mkahawa. Mwenye motokaa hujiambia kwamba atasimama dakika mbili tu. Mwenye lori la bidhaa hujiambia kwamba hana mahali pengine pa kupakulia. Kila mmoja humwona mwenziwe kuwa ndiye mkosaji, na wote kwa pamoja huiua njia.

Tuchukue mfano mwepesi. Tuseme katika barabara moja basi hupita kila baada ya dakika tatu, na kila basi lina watu 50. Motokaa moja ikaegeshwa ndani ya njia ya mabasi kwa muda wa dakika 15. Katika muda huo mabasi matano yatafika mahali hapo, na kila moja litalazimika kusimama, kungoja nafasi, kisha kujipenyeza katika msururu wa magari mengine. Kila basi likipoteza dakika moja tu, watu 250 watakuwa wamepoteza dakika moja moja, ambayo jumla yake ni zaidi ya saa nne. Mtu mmoja amejipatia raha ya dakika 15, na umma umelipa saa nne.

Na hasara haiishii hapo. Basi lililocheleweshwa hukuta abiria wengi zaidi katika kituo kinachofuata, kwa kuwa watu wamezidi kukusanyika. Kuwapandisha huchukua muda, basi likazidi kuchelewa. Basi la nyuma yake, ambalo halikukuta abiria wengi, hulifikia lile la mbele. Matokeo yake ni yale yanayojulikana na kila mpanda basi: watu hungoja dakika 20 bila kuona kitu, kisha mabasi mawili au matatu hufika kwa pamoja, la kwanza limejaa hadi mlangoni na la mwisho ni tupu. Watu humlaumu dereva, au huilaumu kampuni, na hali kosa limefanywa na mtu aliyekwisha kwenda zake zamani.

ABIRIA WA NEW YORK NI NANI

Wako wanaodhani kwamba katika nchi tajiri kama Marekani kila mtu ana motokaa, na kwamba taabu ya mabasi ni taabu ya nchi changa peke yake. Hilo si kweli. Katika mji wa New York watu wengi hawana motokaa kabisa, na mabasi hubeba zaidi ya watu milioni moja kwa siku ya kazi. Mwezi Novemba mwaka 1977 au mwezi Novemba mwaka wa leo, mpishi, mfagizi, muuguzi wa wazee na mlinzi wa usiku katika mji huo huenda kazini kwa basi.

Ripoti iliyotolewa mwaka 2017 na ofisi ya mdhibiti wa fedha wa mji huo ilionyesha kwamba mfanyakazi anayekwenda kazini kwa basi alikuwa na kipato cha wastani wa takriban dola 28,000 kwa mwaka, na hali anayekwenda kwa treni ya chini ya ardhi alikuwa na takriban dola 40,000. Zaidi ya nusu ya wasafiri hao wa mabasi walikuwa wamezaliwa nje ya Marekani. Ripoti hiyo hiyo ilieleza kwamba mwendo wa mabasi ya New York ulikuwa maili 7.4 kwa saa, yaani kama kilometa 12, ambao ulikuwa wa chini kuliko wote miongoni mwa mashirika makubwa ya mabasi ya nchi hiyo. Mtu mwenye baiskeli huweza kulipita basi la namna hiyo bila kutoka jasho.

Kwa hiyo, mtu anaposema kwamba kulinda njia ya mabasi ni kuwaonea wenye motokaa, hapana budi aulizwe: na huyu mfagizi aliyesimama kituoni saa kumi na moja alfajiri, yeye hajaonewa? Muda wake unaopotea ni mshahara wake, ni usingizi wake, ni saa ambazo angekaa na watoto wake.

KAMERA ILIVYOINGIA KAZINI

Serikali ya mji wa New York haina uwezo wa kuweka kamera za namna hiyo kwa amri yake peke yake. Ni lazima ipate idhini ya Bunge la Jimbo linalokutana katika mji wa Albany. Idhini ya kwanza ilipatikana mwaka 2010, nayo iliruhusu kamera katika njia chache tu zilizotajwa. Mwaka 2019 Bunge hilo lilipanua idhini, na mwezi Oktoba mwaka huo mabasi ya njia ya M15, inayopita katika mitaa ya First Avenue na Second Avenue, yakaanza kubeba kamera. Njia nyingine zikafuata. Hapo kwanza kamera zilihusika na njia za mabasi tu. Sheria ya mwaka 2023 iliongeza makosa mengine, kama vile kuegesha kwenye kituo cha basi na kuegesha sambamba na gari jingine lililokwisha egeshwa, na utekelezaji wa sheria hiyo ulianza mwaka 2024.

Utendaji wake ni huu. Kamera hufungwa nyuma ya kioo cha mbele cha basi. Basi linapokwenda katika safari zake za kawaida, kamera hutazama njia iliyo mbele. Ikikuta gari limesimama mahali palipokatazwa, mtambo husoma namba ya gari, huchukua picha za mahali hapo, na huandika saa na mahali lilipo basi kwa msaada wa setilaiti. Dereva wa basi habonyezi kitu chochote wala haombwi kutoa ushahidi. Ushahidi huo hupelekwa katika Idara ya Uchukuzi ya mji ili ukaguliwe, na baada ya hapo mwenye gari hupelekewa hati ya faini kwa posta.

Hapa pana mambo matatu ya kuangaliwa. La kwanza, anayetozwa ni mwenye gari, si lazima awe dereva. Kwa hiyo kosa hili huhesabiwa kuwa la faini tu, wala halimpotezei mtu leseni yake. La pili, faini hupanda kwa kadiri ya ukaidi: dola 50 kwa kosa la kwanza, kisha 100, 150, 200, mpaka dola 250 kwa anayerudia tena na tena ndani ya miezi 12. La tatu, kila njia mpya inapotiwa katika mpango huu, siku 60 za kwanza ni za maonyo tu. Mwananchi huambiwa amekosa na huonyeshwa alivyokosa, lakini hatozwi kitu. Huo ni utaratibu wa kiungwana, na tunaona unastahili kuigwa na kila mwenye kutunga sheria.

Ama kuhusu matunda, Mamlaka ya Usafiri ya huko, inayojulikana kwa kifupi kama MTA, imetangaza kwamba mwendo wa mabasi katika njia zenye kamera umeongezeka kwa wastani wa asilimia 5, na katika sehemu fulani umeongezeka hadi asilimia 30. Imetangaza pia kwamba ajali za kugongana zimepungua kwa asilimia 20. Msomaji anaweza kusema kwamba asilimia 5 ni kidogo. Ni kweli ni kidogo kwa mtu mmoja katika safari moja. Lakini ni faida iliyopatikana bila kujenga daraja, bila kubomoa nyumba, na bila kununua basi hata moja. Tena ni ya kila siku, kwa kila abiria, asubuhi na jioni.

Ni haki pia kusema kwamba kamera haikuwa dawa pekee. Mwezi Oktoba mwaka 2019, katika mtaa wa 14 wa New York, mji ulichukua hatua kali zaidi: ulizuia motokaa nyingi zisipite moja kwa moja katika mtaa huo wakati wa mchana, ukauacha kwa mabasi na malori. Baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani, wakauchelewesha mpango kwa miezi kadhaa wakisema kwamba mitaa ya jirani itafurika magari. Mpango ulipoanza, mabasi yalikwenda kwa kasi kiasi ambacho madereva walilazimika nyakati nyingine kupunguza mwendo ili wasiitangulie ratiba. Basi, chanzo cha uchelewaji kilikuwa magari yaliyolizunguka basi, wala hakikuwa basi lenyewe.

KAMERA NAYO HUKOSEA

Tungekuwa tunawadanganya wasomaji wetu kama tungeishia kwenye sifa. Mwishoni mwa mwaka 2024 iligunduliwa kwamba kamera za mabasi ya New York zilikuwa zimesababisha faini takriban 3,800 kutolewa kimakosa. Miongoni mwa waliotozwa walikuwamo watu walioegesha magari yao mahali palipo halali kabisa. Wengine walipokea hati zaidi ya moja kwa gari lile lile mahali pale pale. Mamlaka ilikiri, na faini hizo zikafutwa.

Kosa hilo lina funzo kubwa. Mtambo haujui sheria. Unajua ramani uliyopewa. Ikiwa ramani inasema kwamba hapa ni marufuku, na hali kibao cha mtaani kinasema kwamba hapa ni ruhusa, mtambo utaifuata ramani na utamtoza asiye na hatia, tena utamtoza kila siku bila kuchoka wala kuona haya. Askari aliyekosea huambiwa na mwananchi pale pale, wakabishana, na pengine akaona kosa lake. Mtambo habishani na mtu. Kwa sababu hiyo mkaguzi wa kibinadamu hapaswi kuwa mhuri wa kupitisha kila kinacholetwa na kompyuta. Akiwa ni mhuri tu, ni afadhali asiwepo, kwa kuwa kuwapo kwake kunawafanya watu waamini kwamba pamefanywa ukaguzi ambao haukufanywa.

Hofu nyingine ni ya upelelezi. Basi lenye kamera hupita katika mitaa yote ya mji kutwa kucha, likiwa na uwezo wa kuona nani yuko wapi na saa ngapi. Leo linatazama motokaa zilizoegeshwa vibaya. Kesho laweza kuagizwa kutazama mambo mengine. Sheria ya New York imejaribu kuzuia hilo kwa kuagiza kwamba, kwa kadiri inavyowezekana, picha zisionyeshe sura za dereva wala za abiria wa gari. Huo ni ukingo mzuri, lakini ukingo hufaa pale tu panapokuwa na mtu wa kuhakikisha kwamba haubomolewi usiku.

MWENYE CHEO NA MWENYE FEDHA

Liko tatizo la tatu ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Katika mji wa New York watumishi wengi wa serikali, wakiwamo askari wa polisi, hupewa kadi za ruhusa ambazo huziweka nyuma ya kioo cha gari ili waegeshe mahali fulani wawapo kazini. Kwa miaka mingi kadi hizo zimetumiwa vibaya. Magari ya watumishi yamekutwa kwenye njia za mabasi, kwenye njia za baiskeli na hata juu ya njia za waenda kwa miguu, na askari waliopaswa kuwakamata wakosaji wamekuwa wakiwaachia wenzao. Mwananchi wa kawaida anapoona gari la mkubwa limesimama pale pale alipotozwa faini yeye, heshima ya sheria humtoka moyoni.

Hapo ndipo kamera inapokuwa na uzuri wake. Kamera haimwogopi mtu, haitambui cheo, haiulizi wewe ni jamaa ya nani, wala haipokei chai. Lakini uzuri huo hudumu mradi tu hakuna anayefuta faini baadaye huko ofisini. Ukatili wa ubaguzi huweza kuhama kutoka barabarani ukaenda kukaa nyuma ya meza, mahali ambapo umma hauuoni. Kwa hiyo ni lazima hesabu za faini zilizofutwa, na sababu za kufutwa kwake, zitangazwe wazi kama zinavyotangazwa hesabu za faini zilizotozwa.

Mwenye fedha naye ana njia zake. Kwa mlala hoi, dola 50 ni chakula cha familia kwa siku kadhaa. Kwa tajiri ni bei ya maegesho tu, tena rahisi. Makampuni makubwa ya kupeleka vifurushi mjini New York hulipa mamilioni ya dola kila mwaka kwa faini za kuegesha, na huzihesabu katika gharama za biashara kama yanavyohesabu mafuta. Faini inayopanda kwa kila kosa hupunguza ubaya huo kidogo, lakini haiumalizi. Na wako madereva wajanja wanaoficha vibao vya namba, wanaovipinda, au wanaotumia vibao vya bandia. Mbele ya hao kamera ni kipofu. Asiyeficha namba ndiye anayelipa, na mwovu hasa anaponyoka. Hivyo basi kamera haiwezi kumwondoa askari barabarani. Yeye ndiye atakayewasaka wale ambao kamera haiwaoni.

FUNZO LA LONDON NA LA KAMPALA

Jiji la London limeitumia kamera kwa muda mrefu zaidi. Sheria ya mwaka 1996 iliziwezesha serikali za mitaa za jiji hilo kutoza faini za njia za mabasi zenyewe badala ya kuwategemea polisi. Mwaka 2022 faini katika barabara kuu za jiji ilipandishwa hadi pauni 160, na anayelipa ndani ya siku 14 hutozwa nusu. Asiyeridhika anaweza kukata rufani mbele ya baraza la waamuzi lisilokuwa chini ya mamlaka iliyomtoza. Hilo la mwisho ni la maana sana. Anayetoza faini, anayenufaika na faini, na anayeamua malalamiko wakiwa mtu mmoja, hiyo si hukumu tena.

Na katika mwaka 2015 serikali ya Uingereza ilizuia serikali za mitaa za England zisitumie kamera kutoza faini nyingi za maegesho, kwa hoja kwamba zilikuwa zimegeuzwa kuwa chombo cha kukamua fedha za watu. Lakini serikali hiyo hiyo iliacha baadhi ya mahali nje ya katazo, na miongoni mwake ni njia za mabasi, vituo vya mabasi na milango ya shule. Hata wale waliozichukia kamera walikubali kwamba yako maeneo ambayo kosa la mtu mmoja huwaumiza wengi papo hapo, na huko kamera ina haki ya kuwapo.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tumeshuhudia jambo ambalo halipasi kusahauliwa. Mwezi Juni mwaka 2025 nchi ya Uganda ilianzisha utaratibu wa kutoza faini za barabarani kwa kutumia kamera, na siku chache tu baadaye ukasimamishwa kwa sababu ya malalamiko makubwa ya wananchi. Watu walilalamikia ukubwa wa faini, ufupi wa muda wa kulipa, na vibao visivyowaeleza wazi mwendo unaotakiwa. Kosa halikuwa la kamera. Watu walishtukizwa. Kama pangekuwa na muda wa kutosha wa maonyo na mafunzo, na vibao vikasimikwa kwanza, pengine mambo yangekwenda kwa njia nyingine.

Dar es Salaam nayo ina njia za mabasi yaendayo haraka tangu mwezi Mei mwaka 2016. Njia hizo zimejengwa katikati ya barabara na kutengwa kwa kingo za saruji, kwa hiyo taabu yake si ile ya New York. Huko si rahisi mtu kuegesha. Taabu ni ya vyombo vingine kuingia na kupita, pikipiki, bajaji na magari ya watu wanaojiona kuwa wana haraka kuliko wengine. Mjenzi aliyeweka ukingo wa saruji amekwisha fanya nusu ya kazi ambayo kamera ingefanya. Ndiyo maana tunasema kwamba kila mji uanze na kujenga vizuri, kisha ndipo ufikirie mitambo. Njia iliyochorwa kwa rangi tu, bila ukingo, bila kibao, bila mahali pa malori kupakulia bidhaa, ni mtego wa kuwanasa watu. Kuweka kamera juu ya mtego wa namna hiyo ni kuwageuza wananchi kuwa ng'ombe wa maziwa.

YATUPASAYO

Sisi tunaamini kwamba kamera katika njia za mabasi ni chombo cha haki kikitumiwa kwa masharti, na ni chombo cha dhuluma kikitumiwa bila masharti. Masharti yenyewe si mengi.

Sharti la kwanza, basi lenyewe liwepo. Hakuna haki ya kumtoza mtu faini kwa kuiziba njia ambayo basi hupita mara mbili kwa siku. Njia ya mabasi hupata uhalali wake kwa wingi wa abiria wanaopita humo, na mwananchi anayetakiwa kuiacha motokaa nyumbani ana haki ya kudai basi safi linalofika kwa wakati.

Sharti la pili, malori ya bidhaa na magari ya kuwashusha wagonjwa na walemavu yapewe mahali pao karibu. Muuza duka anayehitaji kupakua magunia si adui wa umma. Akikosa mahali halali ataegesha mahali haramu, na hakuna kamera itakayoondoa magunia yake.

Sharti la tatu, maonyo yatangulie faini, mwanadamu akague kila ushahidi, na rufani isikilizwe na watu wasiofaidika na fedha hizo. Mwananchi anayeishi mbali aweze kulalamika bila kupoteza siku nzima ya kazi, vinginevyo atalipa asichodaiwa kwa kuogopa usumbufu.

Sharti la nne, fedha zirudi kwenye mabasi, na hesabu zitangazwe. Kinyume cha kodi, faini nzuri ni ile inayopungua mwaka hadi mwaka. Mamlaka ikiona kwamba mapato yake ya faini hayapungui, isishangilie. Ijiulize kama vibao vinaonekana, kama njia imepangwa vizuri, na kama wakosaji wenyewe ni matajiri wanaoweza kulipa daima. Na pale ambapo kampuni ya nje imepewa kazi ya kuendesha mitambo, malipo yake yasitegemee idadi ya watu wanaonaswa, kwa maana mvuvi anayelipwa kwa hesabu ya samaki hatatupa hata dagaa.

Sharti la tano, na hili ndilo la kupima ukweli wa mengine yote, gari la serikali litozwe kama gari la mtu yeyote. Zimamoto na gari la wagonjwa liendalo kuokoa maisha lina ruhusa yake, na hakuna atakayelipinga. Lakini gari la ofisi lililosimama kumngoja mkubwa anunue magazeti halina ruhusa hiyo. Siku ya kwanza ambayo umma utasikia kwamba gari la namna hiyo limetozwa na faini imelipwa na aliyekosa, si na hazina, nusu ya upinzani dhidi ya kamera itakwisha.

Mji wa New York wenyewe bado haujayatimiza yote haya. Sheria iliyopitishwa na baraza la mji huo mwaka 2019 iliutaka ujenge maili 30 za njia za mabasi zilizolindwa kwa kila mwaka baada ya mwaka 2022, nao ukashindwa kufikia kiwango hicho. Kamera zimeongezeka upesi kuliko njia zenyewe. Miji yetu ina bahati ya kuanza baadaye, na inaweza kuanza na njia, kisha basi, kisha kibao, na mwisho kamera. Watawala wa miji watakaofuata mpango huo watakuwa na jibu la kumpa mwenye motokaa anayelalamika, na pia mfagizi anayengoja kituoni alfajiri.